MWANDIKE JINA KWANZA
Somo juu ya kazi ya kujitolea kwa watoto waliopotezana na jamaa zao vitani

Na Katibu, Chama cha Kiswahili

Katika mikutano yetu ya Ijumaa mwaka huu tumezungumzia ngeli, tumezungumzia mashairi, na tumebishana sana kuhusu sheng. Lakini kuna swali moja lililoulizwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili likakosa jibu: "Je, Kiswahili kinaweza kumfaa nini mtoto aliye vitani?" Wengi tulicheka. Mimi nilicheka pia. Baadaye nilikumbuka kisa kilichonipata mwenyewe, kicheko kikaniisha. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu swali lile.

KISA CHA MAONYESHO

Nilikuwa Kidato cha Kwanza, nami ni skauti. Tulipelekwa kusaidia katika maonyesho ya kilimo: kuelekeza wageni, kuokota takataka, na kadhalika. Karibu na mazizi ya ng'ombe wa maziwa nilimkuta mtoto wa kike, miaka minne hivi, analia. Huruma ikanishika. Nikamnunulia soda, nikambeba mgongoni, nikampeleka hadi kwenye jukwaa kuu, upande wa pili wa uwanja, kwenye vipaza sauti. Nilijiona shujaa kabisa.

Kumbe kaka yake alikuwa amemwambia, "Simama hapa, usitoke, nakwenda kununua mahindi." Aliporudi, dakika tano tu, akakuta patupu. Yeye akakimbia huku, mama yao akakimbia kule. Tangazo lilitolewa, ndiyo, lakini mimi sikuwa nimemuuliza mtoto jina lake. Tukatangaza "mtoto mwenye gauni la manjano". Siku ile watoto wenye magauni ya manjano walikuwa wengi ajabu! Mama mtu alifika jukwaani jua likitua, sauti imemkauka. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Asante mwanangu kwa kumshika mkono. Lakini mbona hukuacha hata neno pale ulipomtoa?"

Maneno hayo sijayasahau. Nilikuwa na huruma lakini sikuwa na maarifa. Na ule ulikuwa uwanja mmoja wenye ua, siku ya amani, polisi wapo. Sembuse vitani?

VITA HUMFANYA NINI MTOTO?

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hebu tutazame nyasi zenyewe.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalitokea nchini Rwanda. Yalianza mwezi Aprili yakaendelea kwa siku 100 hivi. Watu wapatao 800,000, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, waliuawa. Wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Mwezi Julai, kwa muda wa siku chache tu, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka wakaingia Goma, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, na leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Barabara ilijaa watu, magodoro, mbuzi na baiskeli. Kisha kipindupindu kikaingia, kikaua maelfu kwa maelfu. Mkono wa mtoto ukiponyoka katika umati kama ule, kuushika tena si kazi rahisi. Katika msiba huo wote, watoto zaidi ya 100,000 walitengana na jamaa zao.

Tuje karibu zaidi na kwetu. Vita vya Sudan vilivyoanza 1983 vilikoma kwa mkataba uliotiwa sahihi hapa Nairobi, Januari 9, 2005. Katika miaka ya 80, wavulana wapatao 20,000 kutoka kusini mwa nchi hiyo walitembea kwa miguu hadi Ethiopia, wengi bila mzazi. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 ikawabidi wakimbie tena. Walivuka Mto Gilo ukiwa umefurika, na wengi wakafa maji. Mwaka 1992 walionusurika walifika Turkana, na hivyo ndivyo kambi ya Kakuma ilivyoanza.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wengine tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya nayo ilionja. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukawa unawatafutia watoto wazazi wao humu humu nchini.

Ni nani waliowahudumia watoto wote hao? Mashirika makubwa tunayajua: UNICEF, UNHCR, Msalaba Mwekundu na mengineyo. Lakini mikono iliyofanya kazi ya kila siku aghalabu ilikuwa ya watu wa kujitolea. Walikuwemo walimu ambao wenyewe ni wakimbizi, akina mama wa kambini, na vijana wa Msalaba Mwekundu wenye daftari na kalamu. Kujitolea ni mojawapo ya misingi saba ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, iliyotangazwa Vienna mwaka 1965. Basi tuwatazame hawa wa daftari na kalamu.

TAHADHARI NA NENO "YATIMA"

Kosa la kwanza la mtu mwenye huruma ni kumwona mtoto peke yake akasema, "Huyu ni yatima." Nani kamwambia? Wenye kazi hii hutofautisha watoto wa aina tatu:

(a) Mtoto aliye peke yake kabisa: hana mzazi wala jamaa mwingine anayemtunza.
(b) Mtoto aliyetengana na wazazi, lakini yuko na jamaa, kwa mfano shangazi au nyanya.
(c) Yatima: mtoto ambaye imethibitishwa kwamba wazazi wake wamefariki.

Mtoto wa (a) na wa (b) haandikwi (c) mpaka ushahidi upatikane. Kwa nini? Kwa sababu ukishaandika "yatima", hakuna atakayehangaika kumtafuta mama.

Mfano wa kosa hili ulionekana mwezi Oktoba 2007, katika mji wa Abéché, mashariki mwa Chad. Watu wa kikundi cha Kifaransa kilichoitwa L'Arche de Zoé walikamatwa wakitaka kuwapandisha ndege watoto 103 wawapeleke Ufaransa. Walidai kwamba hao ni yatima wa vita vya Darfur, nchini Sudan. Watoto wengine walikuwa wamefungwa bendeji ilhali hawana jeraha lolote. Maafisa wa UNICEF, UNHCR na Msalaba Mwekundu wakaketi na watoto, wakawauliza taratibu. Watoto 91 kati ya wale 103 walieleza kwamba walikuwa wakiishi nyumbani, pamoja na angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi wao. Tena wengi walikuwa wa vijiji vya upande wa Chad! Desemba mwaka huo mahakama ya Chad iliwahukumu Wafaransa sita kifungo cha miaka minane na kazi ngumu. Walihamishiwa Ufaransa, na Machi 2008 Rais Idriss Déby akawasamehe. Mwezi huo huo watoto wakaanza kurudishwa kwao, baada ya miezi mitano hivi mbali na mama zao.

Mnaona? Yaliyonipata mimi maonyeshoni ni hayo hayo, ila mimi nilikuwa na soda na wao walikuwa na ndege.

Hata kituo cha watoto chenye nia njema chaweza kuleta balaa. Huko Goma mwaka 1994 vituo vya watoto vilikuwa na chakula na dawa kuliko kambi zenyewe. Basi wako wazazi na jamaa waliowaacha watoto wao vituoni makusudi ili wapate kula. Si kwamba hawakuwapenda. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Funzo likawa hili: isaidie familia nzima pale ilipo, usimsaidie mtoto kwa kumtoa kwao.

HATUA TANO ZA KAZI

Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 20, 1989, na Kenya ikauridhia mwaka 1990. Kifungu cha 7 kinasema mtoto ana haki ya kuwa na jina, na cha 8 kinalinda jina hilo pamoja na uhusiano wake na jamaa zake. Kifungu cha 22 kinataka mtoto mkimbizi asaidiwe kuwatafuta wazazi wake. Kwa hiyo kuandika jina si mambo ya ofisi tu, ni haki. Kazi yenyewe huenda hivi:

Hatua ya 1: Kumtambua. Kabla ya kumhamisha mtoto, uliza walio karibu: amekuja na nani? Nani anamjua? Kaka na dada wasitenganishwe hata kwa usiku mmoja. Na ikilazimu aondolewe kwa sababu ya hatari, acha neno pale pale: kwa jirani, kwa mzee wa mtaa, kwa mwenye duka. (Laiti ningalijua!)

Hatua ya 2: Kumwandikisha. Andika jina lake, jina la utani, majina ya wazazi na ya babu, mahali alipotoka, na mahali walipoachana. Akiwa mchanga asiyeweza kusema, muulize aliyemleta: ulimwokota wapi, lini, karibu na nani? Nguo alizovaa zisitupwe hata zikiwa matambara, maana mama anaweza kuitambua kanga yake.

Hatua ya 3: Kutafuta. Orodha za majina husomwa, na picha za watoto hubandikwa kwenye mabango kambini. Redio nayo husaidia: mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Ziko pia barua za Msalaba Mwekundu. Barua hizi haziingizwi katika bahasha iliyofungwa, na ndani huandikwa habari za nyumbani tu: mimi mzima, niko mahali fulani, mdogo wangu niko naye. Siasa na habari za majeshi hazitakiwi, ili kila upande wa vita uiruhusu barua ipite.

Hatua ya 4: Kuthibitisha. Akitokea mtu akasema, "Huyu ni mwanangu," asipewe mtoto papo hapo. Vita vina wenye nia mbaya. Mtu huyo huulizwa maswali kando, na mtoto naye huulizwa kando, kisha majibu hulinganishwa. Mtoto pia huulizwa kama anataka kwenda.

Hatua ya 5: Kumrudisha na kumfuatilia. Siku ya kukutana kuna vifijo na machozi. Lakini baada ya mwezi mmoja, je, anakula? Anakwenda shule? Huenda baba ameoa tena, au nyumba imeungua, au mtoto amesahau lugha ya kwao. Kwa hiyo mtu wa kujitolea hurudi kumtazama.

KISWAHILI KINAINGIA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Goma watu husema Kiswahili. Kakuma, ambako watu wa mataifa mengi huishi pamoja, Kiswahili ni mojawapo ya lugha za kuelewana. Lakini kusema Kiswahili hakutoshi. Sharti ujue neno lina maana gani kinywani mwa yule mtoto.

Chukua neno "bibi". Mtoto anasema, "Nilikuwa na bibi." Kwa Mtanzania bibi huwa ni mama wa baba au wa mama. Bara ya Kenya watu wengi husema bibi wakimaanisha mke, na mama wa mzazi wanamwita nyanya. Huko Tanzania nako, nyanya ni ya kutia mchuzini! Karani asiyeuliza zaidi atamtafuta mtu asiyekuwepo.

Chukua neno "mama". Mtoto akisema "mama" huenda anamtaja mama mkubwa au mama mdogo, yaani dada za mama yake. "Baba" aweza kuwa baba mdogo, ndugu wa baba. Mjomba ni kaka wa mama, na shangazi ni dada wa baba. Sisi siku hizi kila mtu ni "anko" na "anti" tu, basi! Lakini katika daftari la watoto waliopotea, "anti" haonyeshi upande wowote. Ukiandika "shangazi", umejua kwamba utafute kwa watu wa baba. Neno moja limekupunguzia nusu ya njia.

Pia, usidhani kila jamii hupeana majina kama kwenu. Nchini Rwanda, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Karani anayepanga watoto kwa "jina la ukoo" atawatenganisha ndugu hao bila kujua. Miongoni mwa Wadinka wa Sudan Kusini, mtu hutaja jina lake, la baba, la babu, na kuendelea. Akina Deng ni wengi mno. Ukiandika Deng peke yake ni kama mimi na lile gauni la manjano.

Mahali pia hubadilika majina. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa na wilaya zake, na mji uliojulikana kama Butare ukaitwa Huye. Kwa hiyo uliza vitu visivyohama: mlima, mto, ziwa.

Katika mkutano wetu mmoja tulifanya mchezo wa kuigiza, mwanachama mmoja akiwa mtoto wa miaka sita na mwingine karani. Karani alianza vibaya: "Jina lako kamili? Wilaya? Wazazi wako walikufa lini?" Mtoto akanyamaza, akaangalia chini. Tukabadilisha karani:

Karani: Kwenu ukiitwa kula, wanakuitaje?
Mtoto: Kaka.
Karani: Nani anakuita?
Mtoto: Mama Mkubwa.
Karani: Ukitoka nje ya nyumba ya Mama Mkubwa, unaona nini?
Mtoto: Mto. Na kanisa la mabati.
Karani: Siku ya soko mnapita wapi?
Mtoto: Tunapanda mlima, tunateremka, tunafika.
Karani: Mara ya mwisho mlikuwa pamoja wapi?
Mtoto: Darajani. Alimshika mtoto mchanga.

Hesabuni wenyewe. Kwa maswali matano tumejua kwamba amelelewa na dada mkubwa wa mama yake, kwamba nyumba iko kati ya mto na mlima, penye kanisa la mabati, kwamba waliachana darajani, na kwamba kuna mtoto mchanga wa kutafutwa pia. Karani wa kwanza alipata nini? Kimya.

MIIKO YA MTU WA KUJITOLEA

1. Usiahidi. Usiseme "mama atakuja kesho". Sema "tutamtafuta, na nitarudi kukuambia". Kisha urudi kweli, hata kama huna habari.
2. Usimhoji mtoto kwa udadisi. Uliza yale tu yatakayosaidia kumtafutia jamaa. Mtoto si sinema.
3. Usitangaze jina, picha na mahali alipo ovyo ovyo. Anayemtafuta anaweza kuwa adui.
4. Usijifungie na mtoto mahali pa siri. Kaeni mnapoonekana na watu.
5. Usipendelee upande. Mtoto wa adui naye ni mtoto.
6. Jua mwisho wa uwezo wako. Mgonjwa mpeleke kwa mganga wa zahanati, na mwenye majonzi mazito kwa wanaojua kumhudumia. Na wewe mwenyewe, yakikulemea, sema. Anayesikiliza vilio kutwa naye huhitaji wa kumsikiliza.

SISI TUFANYE NINI?

Hakuna shirika la maana litakalompeleka mwanafunzi wa miaka 16 vitani, na lisipompeleka linafanya vyema. Lakini maandalizi yanaweza kuanza hapa. Tujiunge na chama cha Msalaba Mwekundu cha shule tujifunze huduma ya kwanza. Tuandike kwa mwandiko unaosomeka (nanyi mnajua nawasema akina nani). Tujifunze majina ya jamaa katika Kiswahili sanifu na katika lugha za kwetu. Siku ya michezo au ya wazazi, tuwe na meza ya watoto waliopotea yenye daftari, na kila anayeokota mtoto aache mtu mahali alipomwokota.

Tena, ndugu msomaji, labda mwenzako wa dawati alifika Kenya kwa njia hizi nilizozieleza. Usimkalie shingoni akusimulie. Mwite kwa jina lake, ulitamke vizuri. Hata hiyo ni kazi ya kujitolea.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wa Kidato cha Pili namjibu hivi: Kiswahili hakizimi bunduki. Lakini mtoto aliyepotea ana mali moja tu ambayo hakuna aliyemnyang'anya, nayo ni maneno machache anayoyakumbuka: jina, mlima, mto, sauti ya anayemwita kula. Anayeyasikia sawasawa na kuyaandika sawasawa ndiye atakayemrudisha kwao. Soda baadaye. Mwandike jina kwanza.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mtoto aliyetengana na wazazi na mtoto yatima. Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu?
2. Taja neno moja la ujamaa lenye maana tofauti kwenu na kwa mwenzako wa sehemu nyingine. Lingeweza kumpoteza karani namna gani?
3. Kwa nini barua ya Msalaba Mwekundu haifungwi?
4. Bila kutaja jina la kijiji wala wilaya, mweleze mgeni kwa sentensi sita namna ya kufika kwenu. Mpe mwenzako asome. Je, angefika?

Majibu ya swali la 4 yaletwe kwenye mkutano wa Ijumaa ya kwanza ya muhula. Tutayasoma kwa sauti.